Mgeni, Siyo Mteja: Tunapolala Nyumbani kwa Watawa



Wapendwa vijana, kila msimu wa likizo na hija ukikaribia kuna swali linanifikia: "Frateri, ni kweli mtu anaweza kwenda kulala kwa watawa kwa hela kidogo?" Mwingine anapanga hija ya Namugongo ya tarehe 3 Juni. Mwingine anataka kufika Kibeho. Mwingine hana hija yoyote, ameitwa tu kwenye usaili Songea au Mtwara, hana ndugu huko, na gesti za mjini ama zimemshinda bei ama zimemtia mashaka kwa makelele na mambo yanayoendelea humo usiku kucha.

Jibu fupi ni ndiyo. Monasteri nyingi, konventi nyingi na vituo vingi vya mafungo vina vyumba vya wageni. Kwa kawaida ni vyumba safi, vya kawaida, penye utulivu, na kiasi unachoombwa huwa ndani ya uwezo wa mtu wa kipato cha chini. Wala si lazima uwe mtawa au uwe na mjomba padre. Nasema hivi kwa sababu wapo vijana wanaolala stendi wakisubiri kupambazuke, kumbe kilomita chache kutoka hapo kuna nyumba ambayo ingewapokea.

Jibu refu ndilo somo letu la leo. Tukiishia kwenye "bei ni ndogo", tutaingia kwenye nyumba za watu wa Mungu kama wateja waliopata ofa, na tutatoka humo tumelala vizuri bila kupokea kile hasa tulichoandaliwa. Naomba twende polepole: Maandiko kwanza, kisha Kanuni ya Mt. Benedikto, kisha mambo ya vitendo. Mwishoni nitawaeleza habari ya mwanamke mmoja wa Gisenyi, nchini Rwanda, ambaye kila mtu mwenye chumba cha wageni anapaswa kumfahamu.

1. Kitanda, meza, kiti na taa

Fungua Biblia yako kwenye 2 Wafalme 4, kuanzia aya ya 8. Nabii Elisha alikuwa akipita mara kwa mara katika mji wa Shunemu, na mama mmoja mwenye uwezo alikuwa akimkaribisha chakula. Siku moja mama huyo akamwambia mume wake kwamba yule mpita njia ni mtu wa Mungu, basi wamjengee chumba kidogo juu ya nyumba yao. Na ndani ya chumba waweke nini? Maandiko yanataja vitu vinne tu: kitanda, meza, kiti na taa.

Siku ukifunguliwa chumba cha wageni kwenye monasteri, kumbuka orodha hiyo, kwa sababu mara nyingi ndiyo utakayoikuta. Huenda kutakuwa na msalaba ukutani na chandarua juu ya kitanda. Televisheni usiitegemee. Huko si kubana matumizi. Kitanda ni kwa ajili ya mwili uliochoka, meza na kiti ni kwa ajili ya mtu anayetaka kusoma na kufikiri, na taa ni kwa ajili ya anayetaka kukesha na Mungu. Yule mama wa Shunemu alijiuliza mtu huyu anahitaji nini ili aendelee na safari aliyotumwa na Mungu, akaandaa hicho.

Agano la Kale lina mwenyeji mwingine mkubwa, baba yetu Ibrahimu. Katika Mwanzo 18 anakaa mlangoni mwa hema wakati wa jua kali, anaona watu watatu, anakimbia kuwalaki. Mzee wa umri ule anakimbia! Hakuwauliza kwanza wanatoka wapi wala wana nini. Ndiyo maana Waraka kwa Waebrania (13:2) unatukumbusha kwamba wapo waliowakaribisha malaika bila kujua. Naye Bwana wetu anakwenda mbali zaidi katika Mathayo 25:35: mgeni aliyekaribishwa alikuwa ni yeye mwenyewe.

2. Sura ya 53

Mt. Benedikto alizaliwa Nursia, Italia, yapata mwaka 480, akafariki Monte Cassino yapata mwaka 547. Aliwaandikia wamonaki wake Kanuni yenye sura 73. Kanuni hiyo ndiyo inayoongoza hadi leo abasia za Peramiho (iliyoanzishwa 1898), Ndanda (1906) na Hanga (1957), na pia masista Wabenedikto wa Chipole na Imiliwaha. Kwa hiyo ukipiga hodi kwenye mojawapo ya nyumba hizi, jua kwamba anayekufungulia anaishi chini ya sura ya 53, inayohusu kuwapokea wageni.

Sura hiyo inaanzia palepale pa Mathayo 25: kila mgeni anayefika apokewe kama Kristo. Kisha Benedikto anaingia kwenye mambo madogo madogo, maana alijua upendo usio na utaratibu huishia kwenye maneno. Mgeni na ndugu wasali pamoja kwanza, ndipo wapeane amani. Mkuu wa nyumba avunje mfungo wake kwa ajili ya mgeni, isipokuwa ikiwa ni siku kuu ya mfungo isiyoweza kuvunjwa. Abate mwenyewe amimine maji kwenye mikono ya wageni, na miguu yao ioshwe na abate pamoja na jumuiya yote. Pawe na jiko la abate na wageni peke yake, kwa sababu wageni hawakosekani monasterini na hufika saa zisizojulikana, hivyo jumuiya isivurugwe. Vitanda viwepo vya kutosha, na chumba cha wageni kiwe chini ya ndugu aliyejaa uchaji wa Mungu.

Halafu kuna jambo ambalo ningependa kila kijana asiye na hela alishike. Benedikto anaagiza kwamba uangalifu mkubwa zaidi uonyeshwe katika kuwapokea maskini na mahujaji, kwa kuwa ndani yao Kristo anapokewa kwa namna ya pekee. Tajiri, anasema, hata hofu tu inatosha kumfanya aheshimiwe. Umeelewa hapo? Kwingi tunakopita, mwenye gari ndiye anayefunguliwa geti haraka. Kanuni hii imeandikwa ili kwenye mlango mmoja duniani mambo yawe kinyume, yule aliyeshuka kwenye bodaboda na begi la mgongoni ndiye awe wa kwanza kukimbiliwa.

Mlango wenyewe una sura yake, ya 66. Bawabu awe mzee mwenye hekima, tena awe na chumba karibu na mlango ili anayefika asikose mtu wa kumjibu. Mara tu mtu anapobisha au maskini anapoita, bawabu ajibu kwa kumshukuru Mungu. Hajajua bado ni nani. Huenda ni msumbufu, huenda anaomba, huenda amepotea njia. Shukrani inatangulia kabla ya jina.

Nyongeza moja kutoka sura ya 42. Baada ya sala ya mwisho wa siku, wamonaki hunyamaza hadi asubuhi, na anayevunja ukimya huo huadhibiwa vikali. Lakini Benedikto anaruhusu mtu azungumze ikiwa wageni wanahitaji msaada, au abate akitoa agizo. Ukimya mkubwa wa usiku, hazina ya wamonaki, unaweza kuwekwa kando kwa ajili yako wewe uliyechelewa basi. Hebu lipime hilo vizuri: heshima uliyopewa ni kubwa kiasi gani, na kwa hiyo wajibu wako wa kupiga simu mapema ni mkubwa kiasi gani.

3. Bei na hadhi

Sasa turudi kwenye hela, maana ndiyo iliyoleta swali. Kwa nini huko ni nafuu?

Ni nafuu kwa sababu kuna watu wengine wameshalipa. Sura ya 48 ya Kanuni inataka watawa waishi kwa kazi ya mikono yao, ndiyo maana ukifika kwenye abasia zetu utaona mashamba, ng'ombe, karakana za useremala, bustani za mboga. Uji utakaokunywa asubuhi una jasho la bruda aliyelima. Shuka utakalolalia limefuliwa na sista aliyeamka kabla jua halijachomoza ili awahi Masifu ya Asubuhi. Hakuna mtawa anayegawana faida mwisho wa mwezi. Kile kiasi kidogo unachotoa husaidia kulipia umeme, maji na chakula, na mara nyingi hakitoshi. Kinachobaki wanakibeba wao.

Nilipokuwa nasoma falsafa, Immanuel Kant alinipa maneno mawili yanayonisaidia hapa. Katika kitabu chake cha 1785 kuhusu msingi wa maadili, anatofautisha kilicho na bei na kilicho na hadhi. Chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine cha thamani sawa. Chenye hadhi hakina mbadala. Kitanda kina bei: gesti ikifunga, nitaenda lodji ya jirani. Lakini mtu anayemshukuru Mungu kwa sababu umebisha mlangoni kwake, hilo utalibadilisha na nini? Mteja akishalipa, hadaiwi. Mgeni hata akitoa sadaka kubwa namna gani, bado anaondoka na deni, na deni hilo hulipwa kwa upendo peke yake.

Mfano mmoja wa mbali unaeleza hili vizuri. Hispania, kwenye njia ya mahujaji waendao Santiago de Compostela, kuna kijiji kiitwacho Grañón. Kanisani pale mahujaji hulala kwenye magodoro sakafuni, hula pamoja na kusali pamoja. Hakuna bei. Kuna sanduku lililoachwa wazi: mwenye nacho aweke, mwenye shida achukue. Mtu mwenye akili ya duka ataona huo ni wazimu. Mkristo ataona ni Matendo ya Mitume.

Kwa hiyo, mpendwa, ukikuta nyumba ina kiwango maalum, lipa bila kubishana kama unavyobishana na mwenye gesti. Ukiambiwa "toa utakachojaliwa", usichukulie kwamba ni bure. Jiulize ungelipa kiasi gani mjini, kisha toa kwa kadiri ya uwezo wako kwa moyo mnyofu. Na kama kweli huna, sema mapema, kwa adabu, kabla ya kufika. Sema pia kwamba uko tayari kusaidia kazi. Hakuna aibu yoyote hapo. Aibu iko kwa mwenye nacho anayejifanya maskini, kwa sababu anakula nafasi ya yule ambaye sura ya 53 imemtanguliza.

4. Siku ya tatu mpe jembe

Wahenga wetu walishasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi tunadhani hayo ni maneno ya kijijini tu. Lakini kuna maandishi ya Kikristo ya zamani sana, Didake, yaani Mafundisho ya Mitume, ambayo wataalamu wengi wanayaweka karibu na mwisho wa karne ya kwanza. Yanafundisha jambo lilelile: mpita njia asaidiwe kadiri inavyowezekana, lakini akae siku mbili, au tatu ikibidi. Akitaka kubaki na ana ufundi, afanye kazi apate kula. Wahenga wa pwani na Wakristo wa kwanza wa Mashariki hawakuwahi kukaa kikao kimoja, lakini walikutana kwenye siku ya tatu.

Ukarimu, basi, una mpaka, na mpaka huo unaulinda usife. Nyumba ikigeuzwa hosteli ya watu wanaokaa wiki tatu wakichati na kulalamikia chakula, kesho yake mlango utafungwa, na atakayeumia si wewe uliyekwisha kwenda zako. Ataumia yule mama atakayefika jioni na mtoto anayeumwa.

Benedikto anagusa hili katika sura ya 61, anapoongea kuhusu mmonaki mgeni kutoka mbali. Akiridhika na desturi za mahali, akae kadiri anavyotaka. Akiona kasoro na kuisema kwa unyenyekevu na upendo, abate atafakari, huenda Bwana amemtuma kwa sababu hiyo hasa. Lakini akiwa mtu wa kudai dai na mwenye tabia mbaya, aambiwe kwa ustaarabu aondoke. Ni kipimo kizuri hata kwetu walei na mafrateri: nimekuja kuridhika, au nimekuja kudai?

5. Kabla ya kupiga hodi

Sasa mambo ya vitendo. Nyumba hutofautiana, lakini haya yatakusaidia karibu kila mahali.

Piga simu au andika mapema. Namba nyingi zinapatikana ofisi ya parokia au ya jimbo. Omba kuongea na mtawa anayehusika na wageni. Jitambulishe: jina, parokia unayotoka, sababu ya safari, mko wangapi, wanaume wangapi, wanawake wangapi, siku ngapi, mtafika saa ngapi. Kipindi cha mafungo ya watawa au nadhiri, vyumba hujaa, usikasirike ukiambiwa hakuna nafasi.

Omba barua ya utambulisho kwa paroko wako. Si kila nyumba itaidai, ila barua hiyo huwaondolea wenyeji mashaka, hasa konventi ambako masista wanaishi peke yao. Kitambulisho chako kiwe mfukoni pia.

Uliza kama wanapokea watu wa jinsia yako. Konventi nyingine hupokea wanawake tu, na monasteri nyingine zina jengo tofauti kwa wanawake. Wachumba ambao hawajafunga ndoa wasiombe chumba kimoja. Hilo hata halihitaji maelezo.

Jua saa. Milango hufungwa mapema, chakula kina wakati wake, na jikoni hakuna mtu wa kukukaangia chipsi saa nne usiku. Vijana mnaobahatika kufika Roma au Assisi mtakuta jambo lilelile: nyumba nyingi za masista hupokea mahujaji, na nyingi zina saa ya kufunga mlango.

Heshimu klausura, yaani sehemu ya nyumba iliyotengwa kwa ajili ya watawa peke yao. Ukiona kibao au mlango uliofungwa, ishia hapo. Ni chumba cha ndani cha familia.

Usiumie bruda akikusalimu kwa tabasamu na kupita bila kupiga stori. Sura ya 53 yenyewe inaagiza kwamba asiyepewa kazi ya wageni, akikutana na mgeni, amsalimu kwa unyenyekevu, aombe baraka, na kuendelea na safari yake. Hajakudharau, ametii.

Simu iwe kimya. Usimpige mtawa picha akiwa anasali ili upate cha kuweka kwenye stetasi. Muziki wako usikie wewe peke yako, au bora zaidi upumzike nao siku hizo mbili.

Nenda ukasali nao. Hulazimishwi, na hata asiye Mkatoliki hupokewa vizuri. Lakini wewe kijana Mkatoliki ulale hatua mia moja kutoka kanisani, kengele ya Masifu ya Jioni ilie, halafu ubaki kitandani unaperuzi? Kaa nyuma, usikilize zaburi zinavyopokezana upande na upande. Hata usipoelewa kila kitu, utapumua tofauti.

Ukiondoka, kunja mashuka, fagia chumba, rudisha ufunguo kwa mkono wako, na shukuru. Ukifika nyumbani tuma ujumbe: nimefika salama, asanteni, niombeeni, nawaombea.

6. Mlango uliogharimu uhai

Nimesema kitanda ni nafuu kwa sababu wengine wameshalipa. Mara nyingi wanalipa kwa jasho. Kuna wakati wanalipa kwa damu.

Kule Gisenyi, Rwanda, mpakani na Goma, kuna nyumba ya Kanisa ya kupokea wageni iitwayo Centre Saint-Pierre. Mwaka 1994 aliyeihudumia alikuwa Félicité Niyitegeka, mlei aliyejiweka wakfu kwa ajili ya utume. Alikuwa Mhutu. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza mwezi Aprili, watu walikimbilia kwake, naye akawapokea. Wengine aliwasaidia kuvuka mpaka kuingia Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo. Kaka yake, ambaye alikuwa ofisa wa jeshi, alimpa njia ya kuokoka: aondoke, awaache. Félicité alimjibu kwa barua kwamba hawezi kujiokoa kwa kuwaacha watu aliowapokea, na kwamba anachagua kufa pamoja nao. Tarehe 21 Aprili 1994 aliuawa pamoja na wageni wake. Leo Rwanda inamheshimu miongoni mwa mashujaa wake wa daraja la Imena.

Lazima tuwe wakweli pia, kwa sababu imani haijengwi kwa kuficha. Si kila nyumba ya Kanisa ilifanya hivyo. Mwaka 2001 mahakama ya Ubelgiji iliwatia hatiani masista wawili wa monasteri moja ya Kibenedikto ya Rwanda kwa kushiriki mauaji ya watu waliokimbilia kwao mwaka ule wa 1994. Sura ya 53 ilikuwa imeandikwa kwenye nyumba ile kama ilivyoandikwa kwenye nyumba nyingine. Kanuni nzuri kwenye kabati haimfungulii mtu mlango. Mlango hufunguliwa na moyo uliozoea kufungua kidogo kidogo, kila siku, kwa wageni wa kawaida wenye mabegi na matope viatuni, hadi siku ile nzito inapofika.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo tunalolizungumzia. Félicité hakuanza kuwa mkarimu siku ya hatari. Alikuwa tayari mtu wa kupokea wageni, kuwapa chakula na mahali pa kulala. Kazi ile ndogo ndiyo iliyomwandaa.

Nasi hatujui zamu yetu itakuja lini. Watrapisti waliokuwa Kipkelion, Kenya, tangu mwaka 1956, walikuwa wenyeji wa wengi kwa miaka mingi. Baada ya machafuko ya uchaguzi ya 2007 na 2008, jumuiya ilihamia Uganda. Wenyeji wakawa wahitaji wa kupokewa. Anayekufungulia leo, kesho anaweza kuwa anabisha kwako.

7. Mgeni njoo, mwenyeji apone

Tumalizie pale Shunemu, maana hadithi haikuishia kwenye kujenga chumba. Yule mama hakuwa na mtoto, na Mungu kwa kinywa cha Elisha akampa mwana. Mtoto akakua, siku moja akaugua ghafla shambani, akafia mapajani mwa mama yake. Soma aya ya 21 uone mama alimlaza wapi. Alipanda juu, akamlaza kwenye kitanda cha mtu wa Mungu. Na ni juu ya kitanda hichohicho, Elisha alipofika na kusali, mtoto alirudi kuwa hai. Kitanda alichokiandaa kwa ajili ya mgeni ndicho kilichompa tena mtoto wake.

Wahenga waliposema "mgeni njoo, mwenyeji apone", walikuwa wamegusa siri hiyo bila kuisoma. Na wale wanafunzi wawili wa Emau (Luka 24) waliipata siku ya Pasaka: walimsihi mpita njia alale kwao kwa kuwa jua lilikuwa linatua, na mezani mgeni akageuka kuwa mwenyeji, akamega mkate, macho yao yakafunguka.

Kwa hiyo nendeni, vijana. Msiogope kupiga hodi kwa watawa. Pangeni hija zenu, okoeni nauli, laleni mahali salama. Lakini kila ukilala kwenye kitanda cha wageni, ondoka na swali hili: nyumbani kwangu, kwenye geto langu la chumba kimoja, kwenye bweni letu chuoni, kitanda cha Elisha kiko wapi? Huenda ni mkeka tu na nusu ya sahani ya wali. Félicité naye alianza na mambo ya namna hiyo.

Maswali ya kujitafakari

1. Nikienda mahali kulala, huwa naingia kama mgeni au kama mteja? Watu wanaonihudumia wanalijuaje hilo?
2. Nani alinipokea siku nilipokuwa sina pa kwenda? Nimewahi kumshukuru, au kumwombea?
3. Kwenye jumuiya yangu ndogo ndogo, mgeni asiye na kitu akifika jioni ya leo, tunajua tutamlaza wapi?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyezaliwa mahali ambapo hapakuwa na nafasi, wabariki watawa wote wanaofungua milango yao kwa wasafiri. Uwape nguvu za mikono na furaha ya moyo. Sisi tunaopokelewa utufundishe kushukuru, kuridhika na kuondoka kwa adabu. Utupe moyo usioogopa kufungua mlango, hasa siku kufungua kutakapokuwa na gharama. Wapokee kwako wote waliokufa wakiwalinda wageni wao. Nasi utakapotufungulia mlango wa nyumba ya Baba, utukute tumeshakuzoea kwa sura za wale tuliowakaribisha. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.